Dashibodi Ndiyo Mali ya Idara

Kuanzia Jumatatu, watumishi wote wa Idara ya Uratibu wa Mipango ya Baadaye walitakiwa kuona kwa utaratibu.

Tangazo lilisomwa asubuhi kwenye uwanja wa kuegesha magari. Aliyelisoma ni Afisa Utumishi, kwa kipaza sauti kilichokoroma kama mtu mwenye mafua. Alieleza kwamba kwa muda mrefu kila mtumishi alikuwa akiona anavyojisikia. Huyu anatazama dirishani, yule anatazama saa, mwingine anatazama sahani ya mwenzake, na yote hayo ndani ya saa za kazi, bila kibali. Sasa basi. Kamati Maalumu ya Uoni Kazini ilikuwa imekaa, imekunywa chai, imejadili, imekunywa chai tena, na hatimaye imezaa Sera ya Miwani kwa Ngazi.

"Makofi," alisema Afisa Utumishi.

Wakapiga makofi. Dereva wa Mkurugenzi alipiga pia, ila mkononi alikuwa na kitambaa cha kufutia vioo vya gari, kwa hiyo makofi yake hayakusikika.

Huyu dereva watu walimwita Mzee Breki. Jina hilo alilipata kwa namna anavyosimamisha gari: abiria hajui kama wamesimama mpaka aone miti imeacha kutembea. Wakurugenzi walikuja na kuondoka, na wote walilala kwenye kiti chake cha nyuma midomo wazi, wakaamka wamefika. Hakuwahi kukwaruza hata ndoo ya mtu. Siri yake haikuwa kubwa. Tangu ujanani macho yake yalikuwa hayaoni mbali, naye alikuwa na miwani ya mbali aliyopimiwa na kukatiwa mwenyewe, fremu yake imefungwa waya sikio la kushoto. Bila hiyo miwani barabara ilikuwa moshi mtupu. Akiivaa, aliweza kumwona mbuzi anayefikiria kuvuka barabara kabla mbuzi mwenyewe hajaamua.

Sera yenyewe ilianza kwa nia njema, kama sera zote. Kamati ilimwalika fundi wa miwani, mama mwenye duka dogo mtaa wa nyuma, aje atoe somo. Alikuja na mkoba wa vioo, akavipanga mezani kati ya vikombe.

"Hizi ni lenzi za nguvu moja," aliwaambia. "Maana yake kioo kizima, kuanzia juu mpaka chini, kina kazi moja tu. Kuna cha kuonea mbali, kama barabarani. Kuna cha katikati, pale mkono unapofika ukiunyoosha, kama kompyuta. Na kuna cha karibu, cha kusomea na kushonea. Kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Ukivaa cha kusomea ukatoka nje, utamsalimia nguzo. Kwa hiyo mtu akija dukani simuulizi anapenda fremu gani. Namuuliza kwanza, unataka kuona nini, na kiko umbali gani? Unafanya kazi gani? Halafu nampima, jicho moja moja."

Kamati ilimshukuru sana. Alipotoka tu, Afisa Utumishi alisimama na kutoa hoja ambayo ilipitishwa bila kupingwa. Lenzi huchaguliwa kwa kazi, fundi amesema mwenyewe. Kazi hupangwa kwa ngazi, hilo halina mjadala. Basi lenzi zichaguliwe kwa ngazi. Mkurugenzi, ambaye husimama dirishani ghorofa ya juu akitazama kama watu wanachelewa, apewe za mbali. Maafisa, ambao hutazama meza za walio chini yao, wapewe za katikati. Watumishi wengine wote hutazama kilicho mikononi mwao, na kama hawatazami ni kosa la kinidhamu. Hao wapewe za karibu.

Mkurugenzi na maafisa walipimwa macho vizuri. Waliobaki waliletewa miwani ya nguvu ileile kwa wote, kwenye magunia, kwa ajili ya usawa.

Siku ya kugawa, Mzee Breki alipanga foleni mpaka akafika mezani kwa Afisa Utumishi. Afisa mwenyewe alikuwa tayari amevaa yake ya katikati, na kila anayekuja humrudisha nyuma hatua kidogo kwa kiganja, mpaka amwone vizuri.

"Hapo hapo. Usisogee. Mzee Breki, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Miwani binafsi weka kwenye boksi. Hii ndiyo yako, na haivuliwi saa za kazi."

Mzee Breki alivua miwani yake ya waya, akaitazama kama mtu anayemwacha mtoto siku ya kwanza ya shule, akaiweka kwenye boksi. Alivaa mpya. Afisa Utumishi aliyeyuka, na meza ikayeyuka pia. Kilichobaki ni ncha ya pua yake mwenyewe, ambayo aliona haijanyolewa vizuri kwa chini.

"Mwanangu, hii ni ya kusomea."

"Ni ya karibu, ndiyo. Wewe ni ngazi ya watumishi wasaidizi."

"Mimi naendesha gari."

"Tunalijua hilo, mzee. Kamati ililitafakari. Ndani ya gari unatazama nini? Usukani. Gia. Dashibodi. Vyote viko karibu."

"Na barabara?"

Afisa Utumishi alitabasamu kwa subira. "Mzee wangu, barabara si mali ya Idara. Barabara ni ya wizara nyingine kabisa. Dashibodi ndiyo mali ya Idara."

"Na nikigonga mtu?"

"Ajali zina kamati yake." Kisha akashusha sauti, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alikuwa na cheo tu. "Usijisumbue, mzee. Atakayesema hawezi kufanya kazi na miwani aliyopewa atahamishiwa stoo akahesabu fagio, na usukani atapewa mwingine. Saini hapa."

Hicho ndicho kitu kimoja ambacho Mzee Breki alikiogopa. Mshahara wa stoo haukuwa mbaya, na fagio hazigombani na mtu. Lakini yeye alikuwa dereva kama vile wengine walivyo warefu au weusi. Alisaini. Aliona saini yake vizuri ajabu, kila mkunjo.

Jioni alirudi nyumbani kwa miguu akipapasa ukuta. Mkewe alikuwa amekaa kizingitini anashona kifungo. Mzee Breki aliinama amsalimie, akaendelea kuinama mpaka pua zikakaribia kugusana.

"We baba watoto, kuna nini? Majirani wanatuona!"

"Una kovu dogo hapa juu ya nyusi."

"Nimekuwa nalo tangu unanioa."

"Sikuwahi kuliona."

Mkewe aliacha sindano. Haikuwa kawaida kutazamwa hivyo na mume wa miaka mingi, mlangoni, kabla hata jua halijazama. Halafu akaipokonya ile miwani, akaijaribu, akatia uzi kwenye sindano kwa mkupuo mmoja.

"Nzuri! Hii ndiyo nimekuwa nikiitafuta. Umenichagulia mimi?"

"Ni ya kuendeshea."

Alieleza yote. Mkewe alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaacha kucheka ghafla, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni.

"Niapie hutashika usukani na hii."

"Nisiposhika watanipeleka stoo."

"Nenda stoo."

"Mama watoto."

"Kuna watoto wanavuka pale shuleni kila siku. Wana mama zao kama mimi. Niapie."

Mzee Breki aliapa. Usiku huo hakulala vizuri, kwa sababu mtu akishamwapia mkewe, tena kwa sauti, hana tena mahali pa kujificha.

Sera ilianza kutekelezwa Jumatatu, kwa mafanikio makubwa. Mlinzi wa getini, aliyekuwa na macho ya kunguru kabla ya kusaidiwa na Idara, sasa alimkaribia kila mgeni mpaka kifuani. "Kifungo cha tatu kimelegea, mama. Pita." Mhudumu wa chai alimimina chai pembeni mwa vikombe, na Kamati ilisifu jinsi matumizi ya sukari yalivyopungua. Mkurugenzi, ghorofa ya juu, aliona kila jani la mti wa ng'ambo, ila hakuweza tena kusoma chochote kilicholetwa mezani kwake. Miwani yake ya zamani ya kusomea aliitia mwenyewe kwenye boksi mbele ya watu wote, awe mfano. Alisaini barua. Alisaini bahasha. Siku moja alisaini kitambaa cha meza, kikapelekwa masjala, kikasubiri utekelezaji.

Mzee Breki siku hizo alinusurika. Mkurugenzi hakuwa na safari, na gari halikuhitaji kitu zaidi ya kufutwa vumbi.

Ikafika siku ya sherehe. Tawi jipya la Idara lilikuwa linafunguliwa upande wa pili wa mji, na Mgeni Rasmi, mama mwenye cheo kikubwa kutoka juu kabisa, alitaka kuisikia Sera kwa masikio yake. Walisema akiipenda itaenea nchi nzima, na Mkurugenzi ataenea pamoja nayo. Mkurugenzi alishuka ngazi amevaa koti jipya, hotuba mkononi. Mzee Breki, ndani ya suti yake nyeusi ya siku kubwa na tai ya michirizi aliyonunuliwa na mkewe, alimfungulia mlango wa nyuma, akakaa mbele, akafunga mkanda. Akatulia.

"Twende," alisema Mkurugenzi.

"Mafuta nusu tangi, mkuu. Joto la injini ni sawa. Taa ya mkanda imezima."

"Vizuri. Twende."

"Redio imezimwa, mkuu. Kuna vumbi kidogo kwenye kitufe cha honi."

"Breki, tutachelewa!"

"Mkuu, hivyo ndivyo ninavyoviona. Vilivyobaki viko mbali."

Mkurugenzi alisogea mbele akachungulia. "Mbona njia nyeupe kabisa? Lile pale geti, mlinzi anaonekana wazi, pale mbele kuna mwanamke na mwavuli, kule mwisho taa ni nyekundu. Mimi naona kila kitu!"

"Ndiyo, mkuu. Wewe una ya mbali."

"Basi mimi nitakuelekeza. Washa. Nenda moja kwa moja."

"Nimeapa, mkuu."

"Umemwapia nani?"

"Mke wangu."

Mkurugenzi alikuwa na mke pia. Aliweza kumtuma mtu stoo papo hapo, lakini mtu wa stoo haendeshi gari, na madereva wengine wote wa Idara walikuwa ngazi ileile, wenye miwani ileile ya magunia. Alitazama saa yake, akaona ukungu wenye mkanda.

"Saa ngapi?"

"Imebaki kidogo tu, mkuu."

"Toka hapo!" alisema Mkurugenzi. "Nitaendesha mwenyewe."

Alivua koti, maana lilimbana mabega, akamrushia Mzee Breki. Akakaa nyuma ya usukani. Mzee Breki alizunguka aende kiti cha pembeni yake, lakini Mkurugenzi akakumbuka balaa lingine.

"Kaa nyuma, kule kwenye nafasi, unisomee hiyo hotuba kwa sauti. Niikariri njiani. Sioni hata herufi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Wakatoka getini, Mkurugenzi mbele amejikunja kama kamba wa baharini, Mzee Breki nyuma na hotuba usoni, akisoma kwa kituo. Mkurugenzi alishika breki kama anayeua mdudu. Kila alipoishika, Mzee Breki alifumba macho, si kwa woga bali kwa uchungu wa kitaaluma.

Kwenye tawi jipya, wapokeaji wa wageni walikuwa wamejipanga mlangoni, wote wamevaa miwani ya karibu, mipya kabisa. Sura za watu hawakuzijua tena. Walikuwa wamepewa maelekezo rahisi, kwamba gari jeusi likifika, anayetoka mlango wa nyuma ndiye mwenyewe. Wakafungua mlango wa nyuma.

"Karibu, mkuu! Karibu sana!"

"Hapana, mimi ni..."

"Pole na safari, mkuu! Angalia ngazi hapo!"

Wakamshika mikono miwili, tena ilibidi, kwa sababu hata yeye ngazi hakuziona. Mwingine aligonga paa la gari. "Dereva, sogeza, usizibe njia! Sogeza kule nyuma!" Nyuma kulikuwa na gari lingine likipiga honi. Mkurugenzi akasogeza.

Alipomaliza kuegesha, kwa shida, alirudi akikimbia na shati limelowa jasho. Mlinzi wa pale alimzuia kwa mkono.

"Madereva wanakaa kule kibandani, kaka. Mtaletewa soda."

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Mkurugenzi ameshaingia. Nimemwona kwa macho yangu."

"Umemwonaje na hiyo miwani?"

"Nimeona tai yake. Michirizi myekundu. Mtu wa maana kabisa."

Ukumbini Mzee Breki alikuwa amekalishwa meza kuu. Alisema kwamba yeye ni dereva tu. Mshereheshaji akanyakua kipaza sauti: "Mmeusikia unyenyekevu huo? Mkurugenzi mzima anajiita dereva! Makofi tafadhali!" Ukumbi ukalipuka. Kisha akasukumiwa kipaza sauti. Mbele yake kulikuwa na moshi wa watu, na katika ukumbi ule wote kitu kimoja tu alichokiona kilikuwa ile hotuba mkononi. Aliisoma. Sauti yake ilikuwa nzuri, maana alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima.

"...Na ninaahidi mbele yenu," alimalizia, "kwamba Sera hii haina upendeleo. Kila mtu, awe mkubwa awe mdogo, atafanya ile kazi tu ambayo miwani yake inaiona."

Mgeni Rasmi, mama mfupi mwenye sauti ya taratibu, alivuta kiti chake karibu. Alikuwa na miwani yake mwenyewe, aliyoichagua mwenyewe.

"Nimependa hapo mwisho. Lakini nimeambiwa wakurugenzi wana miwani ya mbali. Mbona wewe unasoma vizuri hivyo?"

Mzee Breki alikunja hotuba. Angeweza kukubali kila kitu, apigiwe makofi, arudi nyumbani, kesho aanze kuhesabu fagio. Akaona fagio zenyewe, zimesimama foleni.

"Mama, nimewaambia hawanisikii. Mimi ni dereva. Nimepewa ya karibu, barabara siioni, na nimemwapia mke wangu sitagusa usukani nikiwa nayo. Mkurugenzi ana ya mbali. Yeye ndiye aliyeniendesha. Yuko nje, kibandani."

Kule kibandani nje, mtu alisikika akifungua soda.

"Kwa nini akuendeshe?" aliuliza Mgeni Rasmi.

"Kwa mujibu wa Sera, mama."

Mkurugenzi aliletwa, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Mgeni Rasmi alisimama kabisa kumpokea, na uso wake haukuonyesha chochote.

"Nikupongeze. Katika kazi hii nimezindua sera nyingi, na zote zilimgusa kila mtu isipokuwa aliyezitunga. Wewe umeanza na wewe mwenyewe. Naagiza iendelee hivyohivyo. Mwenye ya mbali aendeshe, mwenye ya karibu asome na aandike, mpaka wewe mwenyewe utakaposimama mbele ya watu useme kuna kosa." Akamsogezea kipaza sauti. "Je, kuna kosa?"

Mkurugenzi alitazama ukumbi. Aliona kila uso mpaka mstari wa mwisho, kwa uwazi usio na huruma. Aliwaona maafisa wake, waliokaa mbali kuliko miwani yao ya katikati ilivyofika. Alimwona mhudumu wa chai, aliyeletwa kuhudumia sherehe, ameziba mdomo kwa trei.

"Hakuna kosa, mama," alisema.

"Makofi," alisema Mgeni Rasmi.

Wakati wa kurudi Mkurugenzi alishika usukani tena, na Mzee Breki akakaa nyuma.

"Breki."

"Ndiyo, mkuu."

"Ile miwani yako ya zamani iko wapi?"

"Kwenye boksi, stoo. Ina waya sikio la kushoto. Yako iko hapohapo."

"Kesho asubuhi kaichukue. Na yangu."

"Kwa kibali cha nani, mkuu?"

"Changu!"

"Kibali huandikwa, mkuu. Kuandika sasa ni kazi yangu. Nitakiandika, na cha kuifuta Sera pia nitakiandika, ila hicho utakisema mbele ya watu kama mama alivyoagiza. Utasaini pale nitakapoweka kidole."

Mkurugenzi alifungua mdomo amjibu, badala yake akakanyaga breki kwa nguvu zote. Paji la uso la Mzee Breki likagonga kiti cha mbele.

"Nini?"

"Mbuzi."

"Alikuwa anafikiria kuvuka?"

"Alikuwa ameshavuka nusu."

"Umechelewa kumwona, mkuu," alisema Mzee Breki kwa upole, akiokota miwani sakafuni. "Na hiyo breki iguse tu. Usiigombeze."

Mkurugenzi alijaribu tena kwenye kona iliyofuata. Haikuwa vibaya sana.

Giza lilipoanza kuingia gari jeusi lilisimama mbele ya nyumba ya Mzee Breki, kwa sababu mwenye kiti cha nyuma hufikishwa kwake kwanza. Mkurugenzi alishuka, akazunguka, akamfungulia mlango, akamshika mkono amvushe mtaro. Mke wa Mzee Breki aliwasha taa ya nje, akasimama kizingitini na sindano yake. Alimtazama mumewe, akaona ni mzima. Akalitazama gari. Akamtazama yule mtu wa shati lililolowa aliyesimama pembeni na funguo mkononi.

"Baba watoto," alisema, "kijana wako mkaribishe maji ya kunywa, anaonekana kachoka. Ila aanze kwa kusogeza gari. Amemzibia jirani mlango."

Mkurugenzi akaenda kusogeza gari.